Gauni Lililofumuliwa

Gauni la shule la mwanangu lilichanika siku ya mwisho ya masomo, mbele ya darasa zima, kuanzia kwapa la kushoto hadi karibu na kiuno. Niliitwa shuleni saa nne asubuhi. Mimi ni fundi cherehani, na gauni lile nililishona mwenyewe, kwa hiyo niliingia ofisini kwa mwalimu mkuu kichwa chini, kama mpishi aliyeitwa kuonyeshwa unywele kwenye sahani.

"Mama," mwalimu mkuu aliniambia, "mitihani inaanza Jumatatu, siku kumi kutoka leo. Atakuja msimamizi kutoka nje, mgeni, hamjui huyu mtoto. Mimi ninamjua, ninamvumilia. Yule atataka kuona sare. Tafadhali."

Lile "ninamvumilia" lilinichoma, lakini nililimeza. Mwanamke huyu alikuwa ametubeba miaka minne. Alishaniambia pia, bila kuzungukazunguka, kwamba mtoto akikosa mtihani huu shule haitaweza kumrudisha darasani mwaka mwingine. Walimu walikuwa wamechoka, na mimi nilikuwa najua jinsi walivyochoka maana mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka kuliko wao.

Mwanangu ana miaka kumi na sita. Anaitwa Mkaguzi. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu hakuna kitu kinachohama mahali pake nyumbani kwetu bila yeye kukiona. Sogeza kikombe vidole viwili, atakirudisha. Alipokuwa na miaka tisa daktari alituambia ana usonji. Akatueleza polepole, tukaitikia kwa vichwa kama watu wanaoelewa, na tulipofika kwenye ngazi baba yake akaniuliza, "Sasa tunafanyaje?"

Gauni nililishona alipokuwa anaingia sekondari, na tangu siku hiyo hajavaa nguo nyingine kutoka nje ya mlango. Si kwamba hataki. Nguo nyingine zinamuuma. Ndivyo anavyosema, zinauma, na ukimwona akiwa nazo mwilini utamwamini. Nyumbani huvaa fulana za baba yake zilizochakaa. Nje ni gauni la shule, hata siku za likizo, hata kwenye harusi ya mdogo wangu, ambako nilijibu maswali ya watu mpaka taya zikaniuma.

Sasa mtoto hukua, gauni halikui. Hapo ndipo nilipojifunza kazi ambayo hakuna fundi aliyenifundisha. Nilinunua jora zima la kitambaa kilekile na kuliweka chini ya kitanda. Mwaka wa kwanza nikatoa pindo. Mwaka wa pili nikatia kipande chembamba ubavuni, upande mmoja kwanza, nikamwacha wiki tatu akizoee, ndipo nikagusa upande wa pili. Mgongo niliubadilisha kwa miezi miwili, nusu juu, nusu chini. Kila kipande kipya nilikifua kwanza mpaka kikalegea. Yeye alikuwa anajua. Alikuja kusimama karibu na cherehani, akatazama, akauliza, "Kimoja tu?" Nikamjibu, "Kimoja tu." Akaenda zake. Huo ulikuwa mkataba wetu na haukuwahi kuvunjika.

Nikauvunja mimi.

Nieleze vizuri, maana nikieleza vibaya nitaonekana mjinga tu, na ujinga ulikuwa sehemu moja. Sehemu nyingine ilikuwa aibu. Siku ileile gauni lilipochanika, wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, alikuja na mdomo wake.

"Wifi, samahani, lakini watu wanasema. Fundi mzima, unashonea watoto wa watu, wako anavaa matambara. Unamdekeza. Mvalishe nguo mpya kwa nguvu siku mbili, tatu, atazoea. Njaa ya nguo haijaua mtu."

"Nenda kamvalishe wewe," nilimwambia. "Mlango uko wazi. Nitakutafutia na plasta ya kufungia mkono."

Akaondoka amenuna. Lakini maneno yalibaki ndani. Nililitandaza gauni mezani, nikalitazama kwa jicho la fundi badala ya jicho la mama, na kwa kweli lilikuwa linatia huruma. Rangi tatu tofauti za samawati. Kitambaa cha kifua kimekwisha kwa kufuliwa, ukikiinua kwenye dirisha unaona mtaa. Viraka juu ya viraka. Nikajiambia, siku kumi zipo. Mtahiniwa yuko nyumbani anajisomea, hahitaji kutoka. Nitashona jipya, sawasawa na hili, nitalifua mara arobaini, hatajua.

Fundi akitaka kuiga nguo bila kukosea hata nusu inchi, anaifumua. Anaikata nyuzi mshono kwa mshono, anatandaza vipande juu ya kitambaa kipya, anachora kwa chaki. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyowafundisha wanaojifunza kwangu. Mkono ulienda wenyewe. Nilikaa dirishani na wembe, nikafumua kola, mikono, mbavu, nikiimba. Niliimba, nakumbuka.

Kwenye mshono wa ubavu wa kushoto, usawa wa nyonga, nilikuta kifundo. Miaka minne nyuma uzi ulikatika pale, nikarudia, ukakatika tena, nikapiga juu yake mara tatu kwa haraka kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake. Kifundo kigumu, kikubwa kuliko punje ya mchele. Nilicheka peke yangu. Nikasema, hii ndiyo kazi niliyokuwa nafanya enzi zile? Nikakikata, nikakitupa kwenye gunia la mabaki, na kwenye gauni jipya nikanyoosha ule mshono mpaka ukawa kama umepigwa rula.

Kila asubuhi Mkaguzi alikuja mlangoni pa chumba changu cha kazi.

"Gauni liko wapi?"

"Linatengenezwa."

"Kimoja tu?"

Na mimi, mtu mzima, mama wa mtoto, nikamjibu, "Ndiyo. Kimoja tu. Jumapili saa kumi litakuwa tayari."

Nililifua gauni lile. Nilifua asubuhi na mchana, vidole vikachubuka. Nililianika juani, nikalisugua kwa jiwe, nikalikalia siku nzima kwenye kiti nikishona nguo za watu. Baba yake, ambaye ni mtunza ghala na akirudi jioni hana nguvu hata ya kuvua viatu, alilishika akasema, "Mke wangu, hapa umeweza." Alisema kweli. Ungeyaweka mawili pamoja usingejua lipi lipi, isipokuwa hayakuwa mawili tena.

Jumapili saa kumi kamili alisimama mbele yangu. Nikampa. Alilinusa kwanza, akalivaa. Zipu ikapanda. Lilimkaa vizuri, mabega yake makubwa ya sasa, kifua chake cha sasa, kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alikuwa msichana aliyevaa nguo ya saizi yake. Moyo wangu ulijaa. Baba yake akapiga makofi mara moja, akakumbuka kwamba kelele zinamuuma, akaacha.

Kisha mkono wake wa kushoto ukashuka nyongani, na kidole gumba kikaanza kutafuta.

Niliona kile kidole, nikakumbuka. Miaka minne nilikuwa nikiuona mkono huo ukikaa hapo. Kwenye foleni ya hospitali, kwenye harusi, mlangoni mwa darasa wakati wenzake wanapiga kelele. Na kila mara nilimwambia, acha kujikuna, simama vizuri, watu wanakutazama. Alikuwa hajikuni. Alikuwa ameshika kile kifundo.

Kidole kilipanda, kikashuka, kikapanda tena.

"Siyo," alisema.

"Ni lenyewe, mwanangu."

"Siyo. Gauni liko wapi?"

Ningeweza kudanganya tena, lakini hata uongo una mahali unapochoka. Nikafungua droo nikamwonyesha vipande. Kola peke yake, mikono peke yake, mgongo wa nusu mbili. Alivitazama muda mrefu. Hakulia. Alivua gauni jipya, akalikunja kwa mistari yake, akaliweka mezani, akaenda ukutani, akaanza kugonga kichwa.

Wenye watoto kama wangu wanajua unachofanya. Unaweka kiganja chako kati ya kichwa na ukuta. Humshiki, kwa sababu ukimshika unaongeza moto. Husemi, kwa sababu sauti yako nayo inauma. Unaweka kiganja tu, unahesabu. Baba yake alileta mto, nikauingiza, nikatoa mkono. Vidole viwili vilikuwa havikunjiki. Ilichukua dakika arobaini.

Alipotulia nilikimbilia gunia la mabaki. Lilikuwa tupu. Mshona mito huja kulichukua kila Jumamosi, na Jumamosi hiyo alikuja kama kawaida. Nilienda kwake nikiwa na ndala za mume wangu miguuni. Mzee wa watu alinisikiliza, akanionyesha rundo la vitambaa vilivyokatwakatwa, likinifika kifuani, na mito kumi na nane iliyoshonwa tayari.

"Kifundo cha uzi, mama?" aliuliza taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Kwenye hii?"

Tulichambua pamoja kwa saa nzima kabla sijaona aibu na kuondoka.

Nikarudi kujaribu kwa mkono. Nilijaribu kushona upya vipande vya gauni la zamani, lakini kitambaa kilikuwa kimejaa matundu ya sindano za miaka minne, kila nilipotia uzi kinaachia. Nikarudi kwenye jipya. Nilipiga kifundo. Nikamwita. Akaja, akagusa, akasema, "Siyo." Nikafumua, nikapiga kingine, kirefu kidogo. "Siyo." Nikabadilisha uzi. "Siyo." Kilichoniua ni kwamba hakukataa kuja hata mara moja. Kila nilipomwita alikuja, akainama, akafumba macho, akagusa kwa makini kabisa, akitaka kiwe chenyewe. Alikuwa ananisaidia. Mara kumi na tisa. Cha kumi na tisa alikishika muda mrefu, akasema, "Karibu," na kisha, "Siyo." Kitambaa pale nyongani kikatoboka.

Jumatatu alfajiri alikuwa ameshaoga. Alikaa kwenye stuli karibu na mlango akiwa na shimizi tu, miguu pamoja, mfuko wa plastiki wa kalamu magotini. Kalamu mbili za bluu, moja ya akiba, penseli, rula. Miezi mitatu alikuwa amehesabu siku za mtihani huu ukutani kwa chaki yangu. Watu wanadhani watoto hawa hawajali. Huyu alijali kuliko darasa zima.

"Tayari," alisema. "Gauni."

Nilimwambia angoje, nikakimbia shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa getini na msimamizi, kijana mwenye tai na bahasha zilizofungwa. Sikuwasalimu hata. Nilieleza yote mbele ya watahiniwa waliokuwa wanapanga mstari, nikalia, kamasi zikanitoka, sikujali. Msimamizi alimtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akasema jambo ambalo nitamshukuru kwalo mpaka kufa.

"Aje. Aje hata na shuka, aje na fulana ya baba yake. Mimi ninabeba lawama. Kimbia, mama."

Nilikimbia. Nina miaka arobaini na saba na magoti mabovu, na nilikimbia mtaa mzima nikicheka na kulia, na wifi yangu alitoka mlangoni akapigwa na butwaa. Niliingia ndani nikiita, "Mwalimu karuhusu! Vaa fulana! Vaa chochote!"

Mkaguzi hakunyanyuka. Alifungua mfuko wake akatoa karatasi ya maelekezo waliyopewa shuleni, ameikunja mara nne. Akaiweka kwenye mapaja, akaweka kidole.

"La tatu. Mtahiniwa avae sare kamili."

"Ndiyo, lakini mwalimu mkuu mwenyewe kasema. Mwalimu mkuu! Nimetoka kwake sasa hivi."

"Imeandikwa."

Hapo ndipo nilipojua nimekosea tena. Mwanangu hafuati maneno ya mdomo, anafuata yaliyoandikwa. Nimeishi naye miaka kumi na sita, kalenda, ratiba na orodha za nyumba hii nimeziandika kwa mkono wangu, na nilisimama pale getini mbele ya watu wawili wenye kalamu mifukoni, nisiombe mstari mmoja.

"Ngoja," nilisema, "naenda kumwambia aandike."

Alipandisha kidole mstari wa juu. "La kwanza. Afike nusu saa kabla ya mtihani." Akatazama saa ya ukutani. "Saa mbili kasoro dakika kumi."

Baba yake, ambaye hakwenda kazini siku hiyo, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Nimbebe?" Alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Nilimtazama, mwanaume mzima. Msichana wa miaka kumi na sita, mrefu kuliko mimi. Ambebe hadi wapi, akipiga kelele, na akifika aandike nini?

"Kaa," nilimwambia. Akakaa sakafuni, akaegemea jokofu, akafunika uso.

Saa mbili kamili Mkaguzi alinyanyuka. Alienda kwenye meza yangu ya kukatia, akasukuma mkasi na chaki pembeni, akapanga kalamu zake sambamba na rula. Akaketi. Mbele yake hapakuwa na karatasi yoyote. Nilifikiri anataka chai, nikamuuliza.

"Kimya," alisema. "Mtihani unaendelea."

Tulikaa. Mtihani wa siku hiyo, Historia, ulikuwa wa saa tatu nzima. Mteja alikuja kugonga kuulizia blauzi yake, sikufungua. Baba yake alitaka kukohoa akatoka nje kukoholea. Mimi nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikimtazama mgongo, ile mifupa ya mabega chini ya shimizi, na sikuthubutu hata kunyanyua mguu kwenye pedali. Mara mbili aliinua macho kutazama saa. Mara moja mkono wa kushoto ulishuka nyongani, ukakuta hakuna kitu, ukarudi mezani. Ningempa macho yangu mawili. Hakuna aliyekuwa anayahitaji.

Saa tano kamili akasema, "Kalamu chini." Hakuwa ameishika. Akazirudisha kwenye mfuko moja moja, kisha akanigeukia, akatazama karibu na sikio langu, ambako ndiko hutazama anapoongea na mimi.

"Nimefeli?"

"Hapana, mwanangu. Hujafeli."

"Sijafanya."

"Hujafanya. Aliyefeli ni mimi."

Alilifikiria hilo. Mkaguzi hulichukua neno lako kama ulivyolisema, hakupunguzii wala hakuongezei.

"Umepata ngapi?"

"Sifuri," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. Ilimwingia akilini. "Wewe sifuri," alisema, akinieleza taratibu, kama anavyonieleza vitu ninavyochelewa kuvielewa. "Aliyekuwepo akakosa, anaandikiwa sifuri. Mimi sina sifuri. Asiyekuwepo anaandikiwa hayupo. Mimi hayupo."

Nilitaka kumkumbatia, naye hakumbatiwi. Nilitaka kumwambia kwamba yupo, kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwepo ndani ya nyumba hii kuliko yeye. Nilisema jina lake tu, lile halisi, ambalo hatulitumii, na hakuitika.

Alikuwa ameshafungua tena ile karatasi ya maelekezo. Akapitisha kidole kwenye ratiba, akakisimamisha mstari wa pili.

"Kesho Hisabati," alisema. "Saa mbili kamili. Afike saa moja na nusu. Sare kamili." Akanyoosha mkono, kiganja wazi, akangoja nimpe.